Kabla hujauliza programu gani ya CNC, uliza nani atasimama hapo stima ikirudi

Wasee, tangu niweke ile video ya rauta ikichonga ubao wa kitanda, swali limekuwa moja tu: "Unaendesha hiyo kitu na programu gani?" Nikijibu kwa neno moja, GRBL, mtu anashukuru anaenda. Wiki mbili baadaye anarudi na picha ya skrini imeandikwa ALARM na mbao imeharibika, anauliza mbona sikumwambia. Sasa leo naambia kila mtu kila kitu, na kama uko na haraka rudi TikTok.

Kwanza tuelewane. Rauta ninayosema si ile ya Wi-Fi. Ni ile ya maseremala, mota yenye biti inayozunguka na kula mbao. Ukiifunga kwenye fremu yenye mota tatu za stepa, moja ya kulia na kushoto, moja ya mbele na nyuma, moja ya juu na chini, halafu kompyuta ikaamua inaenda wapi, hapo umepata CNC. Yetu ni ya kujitengenezea. Meza ina eneo la kazi la sentimita 60 kwa 90, skrubu za boli za 1605, mota za NEMA 23, draiva za TB6600, na badala ya spindo ya bei kuna trima ya kawaida ya mkono. Iko karakana ya mjomba wangu Kariobangi, na pesa nyingi iliyoijenga ni yake. Alikuwa ameziweka za kununua mashine ya kupiga randa. Nikamshawishi. Kwa hivyo mkinisikia naongea programu kwa uzito kama mtu anaongea shamba, ni juu ya hiyo. Mimi nikienda kushuti video Machakos siku tatu, Mjomba lazima afanye kazi. Mashine ambayo inajulikana na mtu mmoja tu ni mashine iliyoharibika, ni vile tu haijajua.

Hiyo nimeiona kwa macho. Kabla niache chuo, pale idarani kulikuwa na CNC kubwa kuliko yetu mara nne, imefunikwa shuka. Kompyuta yake ilikufa, na mipangilio yote ilikuwa ndani ya ile kompyuta, hakuna mtu aliwahi kuinakili. Mota zilikuwa sawa. Skrubu zilikuwa sawa. Semesta tatu nilipita hapo na hakuna mtu aliondoa shuka. Watu walikuwa wanafundishwa CNC kwa picha za ubaoni, mashine yenyewe iko mita mbili nyuma yao.

Sasa, wengi wanachanganya vitu vitatu na kuviita "programu ya CNC". Kuna programu ya kuchora, Inkscape au FreeCAD. Kuna ile inayogeuza mchoro kuwa njia za biti na kutoa faili ya G-code, inaitwa CAM. FreeCAD ina yake ndani, Fusion ina yake (ile ya bure ya matumizi binafsi imebanwa mambo kadhaa tangu 2020, ikiwemo mwendo wa kasi hewani), Carbide Create ni rahisi kwa anayeanza. Halafu kuna kontrola, yule anayesoma G-code mstari kwa mstari na kuzigeuza kuwa mapigo ya umeme yanayosukuma mota. Leo ni huyu wa tatu. Wale wawili wa kwanza ukikosea unapoteza jioni. Huyu ukikosea unaweza kupoteza kidole.

Kazi ya kontrola ukiiangalia vizuri ni moja, nayo ni wakati. Mota ya stepa ya kawaida inazunguka mara moja kwa hatua 200. Ukitaka iende laini, draiva inagawanya kila hatua, mathalani mara nane, zinakuwa 1,600 kwa mzunguko. Skrubu ya 1605 inasogeza milimita 5 kwa mzunguko. Gawa: mapigo 320 kwa kila milimita. Ukitaka kwenda milimita 3,000 kwa dakika, hiyo ni 50 kwa sekunde, basi unahitaji mapigo 16,000 kila sekunde, na yatoke kwa mpangilio kama ngoma. Pigo likichelewa kidogo, mota inaguna. Likichelewa sana, mota inakosa hatua, na mashine haijui. Itaendelea kukata kwa ujasiri kabisa, milimita tano kando ya pale ulitaka. Kwa hivyo swali la kweli kwa kila programu ni hili: ni nani anashika hiyo ngoma?

Kwa Mach3, ngoma inashikwa na Windows yenyewe. Mach3 ilitoka kwa Mkanada anaitwa Art Fenerty, na tukubali ukweli, ndiyo iliyofanya watu wa kawaida duniani wamiliki CNC nyumbani. Skrini yake ukiiona mara moja hutaisahau, vitufe vimejaa kama dashibodi ya matatu. Lakini ile njia yake asili inatumia tundu la zamani la printa, lile la pini 25, na draiva yake inataka Windows ya biti 32. Yaani XP, au Windows 7 ya 32. Kuna bodi za USB zinazozunguka hilo tatizo, na zingine ni nzuri, lakini kila bodi ina kiungo chake cha kusakinisha, na ukipata bodi isiyo na jina kutoka China, unategemea CD iliyokuja nayo kwenye boksi. Utengenezaji wa Mach3 umesimama, wenyewe walihamia Mach4. Leseni ya hobi ilikuwa dola 175. Bila leseni inakubali faili ya mistari 500 tu, na ua moja la kuchonga linaweza kuwa na mistari 20,000.

Sasa najua mnachotaka kusema. "Buda, kuna jamaa town anaiweka kwa mia tano." Najua. Mashine nyingi za China zenyewe zinakuja na Mach3 ambayo haijalipiwa. Sitawahubiria habari ya wizi, nyinyi ni watu wazima. Nawaambia tu hesabu yangu: hiyo kopi imefunguliwa na mtu usiyemjua, na unaipa mota inayozunguka karibu mara elfu thelathini kwa dakika karibu na mikono ya mjomba wako. Ikikwama katikati ya kazi, hujui kama ni kebo, ni Windows, ni bodi, au ni ile programu imechezewa. Na hakuna wa kumuuliza, juu utaanzaje kumwandikia mwenye programu na hujamlipa? Kama umenunua leseni yako kihalali na kompyuta yako ya XP bado inapumua, endelea, hakuna mtu anakufukuza. Lakini kuanza nayo sai, 2020 na kitu, mimi siwezi kumshauri mtu.

LinuxCNC ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na sitaitumia. Acha nieleze kabla wale wa Linux hawajanivamia.

Ilianza kama mradi wa serikali ya Marekani. Taasisi yao ya viwango, NIST, miaka ya 1990 ilitengeneza kontrola inayoitwa EMC, na kwa sababu ni kazi ya serikali ikaachiliwa kwa umma. Watu wa kujitolea wakaichukua, ikawa EMC2, halafu ikabadilishwa jina kuwa LinuxCNC kwa sababu kulikuwa na kampuni kubwa ya kuhifadhi data yenye jina EMC. Inaendesha mashine za viwandani kabisa, mihimili mitano, vibadilisha biti, mota zenye kurudisha taarifa ya zilipo. Na ni bure. Kuna sehemu yake inaitwa HAL ambapo unaunganisha vitu kama waya ndani ya programu: kitufe hiki kiende kwa hili, sensa hii izime ile. Siku niliielewa nilikaa nikaangalia dari.

Hapa ngoma inashikwa na kompyuta pia, lakini Linux imebadilishwa moyo ili iheshimu wakati. Kuna jaribio la kupima kuchelewa. Unaliwasha, unafungua video, unasogeza madirisha ovyo, unaisumbua kompyuta vile unaweza, halafu unasoma namba mbaya kabisa iliyotokea. Chini ya nanosekunde 20,000 uko vizuri sana. Kati ya 30,000 na 50,000 utafanya kazi lakini kasi itapungua. Ukizidi 100,000 tafuta kompyuta ingine. Laptopu karibu zote zinaanguka huo mtihani kwa sababu zimejaa vitu vya kuokoa betri, na USB haiwezi kabisa kutoa hayo mapigo. Zinazofaulu ni zile desktopu za ofisi zilizotumika, zile kubwa nyeusi, na hizo Nairobi zimejaa. Au unanunua kadi za Mesa ambazo zinashika ngoma zenyewe, na hizo si za bei ya mtaani.

Kwa hivyo kwa bei LinuxCNC inawezekana kabisa Kenya. Shida yangu ni desktopu yenyewe. Desktopu haina betri. Karakana ya Mjomba stima inaweza kupotea mara mbili kwa siku, na mara nyingine ni dakika moja tu, inapepesa na kurudi. Desktopu inazima, diski inalia, inawaka upya, unangoja, unaingia, unafungua faili, na hujui ilikuwa mstari gani. Ungeweka UPS, sawa, lakini hiyo sasa ni pesa ya biti za miezi sita. Na kuna vumbi. Vumbi la MDF linaingia kwa feni ya desktopu kama unga.

Basi tukabaki na GRBL, na wala si kwa sababu ni ya maskini. Ilianzishwa 2009 na Mnorwe, Simen Svale Skogsrud, halafu kuanzia 2011 ikashikwa na Sungeun Jeon ambaye wengi wanamwita Sonny. Wazo lake ni la kiburi kidogo: chukua Arduino Uno, chipu ya megahezi 16 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2, uifanye iendeshe mihimili mitatu bila kukosa hatua. Kilobaiti 2! Aya chache tu kama hii unayosoma zinaijaza. Na bado inatazama mbele miendo 16 ili ijue wapi ipunguze kasi kabla ya kona.

Tofauti ni kwamba hapa ngoma inashikwa na Arduino. Laptopu inatuma tu mistari kupitia USB. Windows ikiamua kujisasisha katikati, kazi itasimama, ndiyo, lakini haitasimama kwa kukosa hatua. Itasimama pale ilipofika, na pale ilipofika panajulikana.

Mwisho wake ni mapigo kama 30,000 kwa sekunde. Rudi kwa ile hesabu. Tulihitaji 16,000, kwa hivyo tuko ndani. Lakini angalia: ukiona draiva ina swichi za kugawanya mara 16 ukafikiri kubwa ni bora, mapigo yanakuwa 640 kwa milimita, na kwa kasi ile ile unahitaji 32,000. Umepita mwisho. Wasee kadhaa wamenitumia video za mota zinalia kama paka, na ukiuliza, ni hiyo tu. Rudisha swichi kwa nane. Kwa mbao hutaona tofauti yoyote, mbao yenyewe inavimba ikinyesha kuliko hiyo tofauti.

Na mipangilio yake, hapa ndipo ile mashine ya shuka inanijia kichwani, mipangilio yote ya GRBL 1.1 ni mistari 34. Unaandika $$ unabonyeza, inakuja yote. $100 ni mapigo kwa milimita, $110 kasi ya juu, $120 jinsi ya kuongeza kasi, $21 ni swichi za mwisho, $22 ni kurudi nyumbani. Nimeinakili kwa kitabu cha hesabu cha Mjomba, ukurasa wa nyuma, baada ya madeni. Arduino ikichomeka leo, ananunua ingine Luthuli, tunapakia GRBL, tunaandika mistari 34, saa mbili mashine inachonga. Kitu ingine pekee ya kukumbuka ni kwamba hizo kopi za Uno nyingi zina chipu ya USB ya CH340, na kwa kompyuta zingine lazima uweke draiva yake kwanza.

Sasa stima. Hapa msiruke, juu video za wazungu huwezi kuipata hii, kwao stima haipotei.

Unafanya kazi na laptopu, laptopu ina betri. Arduino inakula umeme kutoka kwa USB ya laptopu. Stima ikipotea, mota zinakufa, trima inakufa, karakana inanyamaza. Lakini Arduino iko hai. Laptopu iko hai. Na zote mbili hazijui chochote. GRBL haina macho, inahesabu mapigo inayotoa, haioni kama mota imesogea. Kwa hivyo inaendelea kutoa mapigo kwa draiva zilizokufa, laptopu inaendelea kutuma mistari, skrini inaonyesha biti inatembea vizuri kabisa juu ya ua la Mjomba. Stima ikirudi baada ya dakika moja, mota zinaamka na kuungana na hadithi iliyo katikati, kutoka mahali si pake. Inakata mstari ulionyooka katikati ya kazi ya saa nne.

Dawa yake ni relei ya volti 24. Koili yake unaiunga kwa pawasaplai ya mota. Miguu yake ile inayofunga wakati relei imekufa unaiunga kati ya pini ya A1 ya Arduino na ardhi. Kwa ile CNC Shield, A1 ndiyo imeandikwa Hold. Stima ikiwepo, relei imevuta, pini iko huru. Stima ikienda, relei inaachia, pini inaguswa ardhi, GRBL inasimamisha mwendo papo hapo. Relei moja na waya nne. Hakuna programu niliyoijaribu imenisaidia kuliko hiyo relei.

Halafu kuendelea. Hapo sehemu mbili zinahitajika. Lazima uwe na swichi za mwisho na $22 iwe 1, ili mashine iweze kutembea mpaka kona yake na kusema "hapa ndipo nyumbani". Na sifuri ya kazi yako, pale ulipogusa biti kwa kona ya mbao, iwe imehifadhiwa kwa G54, ambayo GRBL inaiweka kwenye kumbukumbu isiyofutika. Hapa chunguza programu yako ya kutuma. Baadhi ya hizo, ukibonyeza kile kitufe cha sifuri, zinatumia G92, na hiyo inafutika ukifanya riseti. Unataka inayotumia G10 L20. Mimi natumia Universal Gcode Sender, UGS kwa kifupi. Ni ya Java, si nyepesi sana, lakini laptopu ya Mjomba ya RAM 4 inaibeba. gSender ya wale Wakanada wa Sienci Labs ni nzuri zaidi kwa macho na ni ya bure pia, ukiwa na kompyuta yenye nguvu ianze hiyo.

Kwa hivyo: andika mstari uliofika, fanya riseti, rudisha nyumbani, kisha anzia nyuma. Usianzie ule mstari wenyewe. GRBL ilikuwa imeshameza miendo 16 na mingine iko njiani, kwa hivyo namba unayoiona iko mbele ya biti. Rudi juu kwenye faili mpaka mahali biti ilikuwa imeinuliwa, anzia hapo. Itapita hewani kidogo ambapo ilishakata, haidhuru.

Na kuna kitu moja ambayo hakuna kontrola ya aina yoyote itakusaidia nayo. Trima ina swichi ya kusukuma, ukiiwasha inabaki imewaka. Stima ikipotea, mtu anasogea karibu kuangalia. Anapangusa vumbi na kidole. Stima inarudi. Manze, sitaki hata kuandika sentensi inayofuata. Weka kontakta, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu kama ya posho mill, trima na pawasaplai zote zipitie hapo. Stima ikirudi hakuna kinachowaka mpaka mtu abonyeze kijani kwa mkono wake. Mjomba aliielewa hii haraka kuliko mimi, msumeno wake wa meza uko hivyo tangu nikiwa mtoto. Kitufe chekundu pia ndicho cha dharura, kinakata moto wa mota kabisa. Usiniambie kitufe cha dharura ni kile cha kwa skrini.

GRBL ina shida zake, tusidanganyane. Ile trima ina brashi za kaboni, zinatoa cheche, na hizo cheche zinaingia kwa waya kama kelele ya matanga. Kuna siku USB inakatika yenyewe. Kuna siku swichi za mwisho zinasema zimeguswa na hakuna kitu imezigusa. Tulibadilisha kebo ya USB tukaweka fupi yenye ngao, tukatenganisha waya za trima na za swichi zisipite pamoja, tukaweka ardhi ya kweli kwa fremu, ikapoa. Haikuisha, ikapoa. Pia ikiwa unataka mhimili wa nne wa kuzungusha nguzo za ngazi, GRBL ya Uno haikufai, tafuta kwingine.

Na iko na ujumbe wa kiroboti. "ALARM:2" ni nini kwa mtu ambaye amechonga mbao miaka thelathini? Kwa hivyo kuna katoni imebandikwa ukutani, imeandikwa na kalamu nene. Alarm 1, imegonga swichi ya mwisho, zima, angalia kama kuna kibanzi kimekwama. Alarm 2, kazi ni kubwa kuliko meza, umeweka sifuri vibaya. Alarm 3, umeikatiza ikitembea, irudishe nyumbani. Alarm 9, haijapata swichi, angalia waya. Error 9, imefungwa, irudishe nyumbani kwanza. Ya Alarm 1 Mjomba mwenyewe ameongeza chini yake: "Usinipigie simu." Yaani anajiambia mwenyewe asinipigie. Amekuwa akifuata, wiki iliyopita nilikuwa mbali siku nne na alitoa mbao mbili za vitanda na kibao cha duka la dawa.

Sasa wale wajuaji wameanza kuniuliza mbona bado niko kwa Uno ya biti 8 na dunia imeenda. Ni kweli imeenda. Terje Io, Mnorwe mwingine, ametengeneza grblHAL, hiyo ni GRBL kwa chipu za biti 32 kama Teensy, na ule mwisho wa mapigo unausahau. Halafu kuna FluidNC ya ESP32, ambayo mipangilio yake yote ni faili moja ya maandishi unayoisoma kama barua, na ina Wi-Fi. Unaweka kazi kwa kadi ya SD, unaingia na brauza ya simu, mashine inaanza. Haihitaji hata intaneti, inatoa Wi-Fi yake yenyewe. Yaani laptopu inaondoka karakana kabisa, vumbi na yote.

Kama unaanza leo na huna kitu, nadhani ningekwambia uanze hapo, kwa FluidNC. Bei ya ESP32 na ya Uno hazijaachana sana. Ila ile relei usiiache, na usije ukaanzisha mashine kwa simu ukiwa kwa kiosk unakunywa chai. Wi-Fi ikikatika, kitufe chako cha kusimamisha kimekatika nayo.

Kwa yetu, bodi ya ESP32 iko tayari, nimeishaiunga na draiva moja nikaijaribu juu ya meza ya jikoni, inazunguka poa. Nilimpelekea Mjomba nikamwonyesha kwa simu. Akaangalia, akauliza, "Hii inaenda na ile katoni yangu?" Nikamwambia namba nyingi za alarm ni zile zile. Akaniambia kuna oda ya milango sita ya mteja wa Ruai, mlango wa mwisho unatoka Disemba, na mpaka huo mlango upakiwe kwa lori hiyo bodi yangu ikae kwa droo.